Ukuta Ukiugua: Chanzo Kwanza, Dawa Baadaye

Leo tunaanza na swali ambalo huenda likawafanya mcheke. Je, ukuta unaweza kuugua?

Ndiyo, unaweza. Angalia pembe za chumba mnacholala, hasa msimu wa mvua. Sogeza kabati kidogo. Angalia nyuma ya kitanda cha mtoto. Ukiona madoa meusi, ya kijani au meupe kama unga, na pua yako ikisikia harufu ya uvundo, basi ukuta huo unaugua. Wengine huita hali hiyo ukungu, wengine koga, wengine kuvu. Leo tutasema kuvu.

Kuna wataalamu ambao kazi yao ni kuchunguza kuta zinazougua. Hawachunguzi nyumba kama yako na yangu. Wao huchunguza majumba ya kale, makaburi ya wafalme, mapango yenye michoro, na vitu vinavyotunzwa katika makumbusho. Wamejifunza mengi, na mengine wamejifunza kwa hasara kubwa. Utauliza, mimi mama mwenye mtoto anayekohoa, mambo ya makaburi ya wafalme yananihusu nini? Yanakuhusu sana. Somo lao kubwa ni hili: tafuta chanzo kwanza, dawa baadaye. Sikiliza uone.

Vijidudu wa ukutani ni akina nani?

Ni viumbe wadogo mno. Mmoja mmoja huwezi kumwona kwa macho. Unachokiona ukutani ni maelfu na maelfu yao wakiwa pamoja. Kuna kuvu, kuna bakteria, na kuna mwani mdogo sana, jamaa wa ule utelezi wa kijani unaoota ndani ya tangi la maji lililo wazi.

Kuvu huzaa kwa chembe ndogo kuliko vumbi la unga. Chembe hizo ziko hewani kila mahali, hata sasa hivi hapo ulipo. Zikitua mahali pakavu hulala tu. Zikipata unyevu, huamka. Hutoa nyuzi nyembamba, na nyuzi hizo hupenya kwenye rangi, karatasi, mbao, hata ndani ya jiwe. Kisha hutoa asidi. Wewe unajua limau likidondoka kwenye sakafu ya chokaa linavyoila. Asidi ya kuvu hufanya vivyo hivyo polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka jiwe linakuwa unga na rangi inabanduka.

Kwa hiyo kumbuka jambo la kwanza: mbegu ya kuvu iko kila mahali. Kinachoiamsha ni unyevu.

Wataalamu huchunguzaje?

Hufanya kama daktari mwema anavyomfanyia mtoto. Hawakimbilii dawa. Kwanza huuliza historia: doa hili lilianza lini? Linakua au limesimama? Hulinganisha picha za zamani na za sasa. Kisha hupapasa ukuta polepole kwa pamba safi iliyofungwa kwenye kijiti, wakaipeleka maabara. Huko hutazama kwa darubini, huotesha vijidudu kwenye vyakula maalumu, na siku hizi husoma pia chembe za urithi, yaani DNA, kwa sababu vijidudu wengi hukataa kuota maabara. Pia hupima joto la chumba, unyevu wa hewa, na hewa chafu inayotoka katika pumzi za watu. Baada ya hayo yote ndipo huamua kama dawa inahitajika.

Kaburi lililofungwa kabla halijakauka

Twende Misri. Mwaka 1922 Mwingereza aitwaye Howard Carter aligundua kaburi la Mfalme Tutankhamun, aliyekufa akiwa kijana zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Ndani mlikuwa na dhahabu nyingi. Lakini juu ya michoro ya ukutani mlikuwa pia na madoa ya kahawia, mengi kama mabaka ya ngozi.

Watalii walizidi kumiminika, na watunzaji wakaingiwa na hofu kwamba pumzi na jasho la wageni vinayakuza madoa hayo. Mwaka 2009 serikali ya Misri ilianza uchunguzi mkubwa pamoja na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty kutoka Marekani. Walichukua picha zilizopigwa miaka ya 1920, wakazilinganisha na ukuta. Madoa yalikuwa yale yale. Hayakuwa yameongezeka. Maabara nayo ikaonyesha kwamba vijidudu walioyaleta walikwisha kufa zamani sana.

Walitoka wapi basi? Mwanasayansi Ralph Mitchell wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza mwaka 2011 kwamba yaelekea mfalme alikufa ghafla, kaburi likatayarishwa haraka haraka, likafungwa plasta na rangi zikiwa bado mbichi. Unyevu ulifungiwa ndani. Ongeza chakula kilichowekwa humo, kuvu ikapata kila ilichotaka. Madoa yale yamezama ndani ya rangi, hayawezi kutolewa bila kuharibu michoro. Yapo mpaka leo.

Mama, unasikia? Haraka ya kufunga ukuta mbichi imeacha alama kwa zaidi ya miaka elfu tatu. Sasa fikiria nyumba iliyopigwa plasta wiki iliyopita, nawe unahamia leo na mtoto mchanga, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Ukuta mpya una maji mengi ndani yake. Uache ukauke vizuri, madirisha yakiwa wazi, ndipo uhamie.

Pango lililotibiwa mpaka likazidi kuugua

Sasa twende Ufaransa, kwenye pango liitwalo Lascaux. Watu wa kale walichora humo farasi, ng'ombe mwitu na paa, yapata miaka 17,000 iliyopita au zaidi. Michoro ilikaa salama muda huo wote, gizani, pango likiwa limefungika. Mwezi wa Septemba 1940 vijana wanne waliligundua. Mwaka 1948 likafunguliwa kwa watalii. Katika miaka ya 1950 walikuwa wakiingia zaidi ya watu elfu moja kwa siku.

Elfu moja kwa siku! Kila mmoja anapumua, anatoa jasho, analeta vumbi kwa viatu. Taa nazo zinawaka. Haikupita miaka 15, kuta zikaanza kuota kijani. Ulikuwa mwani. Mwaka 1963 serikali ikalifunga pango kwa watalii, na kuta zikapuliziwa antibiotiki na formalini. Kijani kikapungua, watu wakafurahi.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2001, baada ya mitambo mipya ya hewa kuwekwa, kuvu nyeupe ilitanda ghafla kwenye sakafu na kuta kama pamba. Wakamwaga chokaa kali sakafuni. Wakapaka kutani dawa iitwayo benzalkoniumu kloridi, ambayo hutumika pia katika baadhi ya dawa za kuulia viini hospitalini na majumbani. Wakaongeza antibiotiki. Kuvu nyeupe ikarudi nyuma. Baada ya miaka michache, yakatokea madoa meusi.

Wanasayansi waliochunguza pango hilo waligundua jambo la kusikitisha. Dawa iliyopakwa kwa miaka mingi ilikuwa imewaua vijidudu dhaifu na kuwaacha wale wanaoivumilia. Wakaongezeka na kutawala pango. Na miongoni mwa bakteria waliopatikana humo kulikuwa na aina zinazoweza kuwaletea watu maradhi. Kuvu mojawapo ya yale madoa meusi ilikuwa haijawahi kujulikana na sayansi. Ilipewa jina la pango lenyewe mwaka 2012.

Watunzaji wa pango walibadili mwendo. Wakapunguza watu wanaoingia, hata wataalamu wenyewe, na wakaanza kulinda hewa na unyevu wa pango. Watalii leo huonyeshwa pango la mfano lililojengwa karibu na pale, na jipya zaidi lilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2016.

Dada yangu, ukitoa neno pango ukaweka neno mtoto, umepata somo la afya. Mtoto ana mafua, tunampa antibiotiki iliyobaki ya kaka yake. Anapona siku mbili, tunaacha. Anaugua tena, tunanunua kali zaidi dukani. Mafua mengi huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kikohozi kinacholetwa na kuvu ya ukutani nacho hakiponi kwa antibiotiki. Tunachofanya ni kuwafunza bakteria kuzoea dawa, mpaka siku mtoto anaihitaji kweli, kwa mfano akiwa na nimonia, nayo haifanyi kazi. Antibiotiki ni msaada mkubwa ikiandikwa na mhudumu wa afya aliyempima mtoto. Ikishaandikwa, mpe mtoto kipimo chote, siku zote alizoambiwa.

Si kila kijidudu ni adui

Huko Florence, Italia, kuna sanamu za marumaru zilizochongwa na Michelangelo katika kanisa la familia ya Medici. Zilikuwa na madoa ya karne nyingi, mengine yaliyotokana na maiti iliyozikwa humo. Wahifadhi walitafuta bakteria wasiodhuru jiwe ila wanaokula uchafu huo. Waliwajaribu kwanza mahali padogo nyuma ya madhabahu, wakachagua waliofaa, na mwaka 2020 wakawatumia kusafisha marumaru.

Ndani ya tumbo la mtoto wako pia mna bakteria wema wanaosaidia chakula kusagika. Ndiyo maana wakati mwingine mtoto akipewa antibiotiki huharisha, kwa sababu dawa imewagusa na walio wema. Hii ni sababu nyingine ya kutotumia dawa ovyo.

Hapa kwetu pwani

Majumba ya kale ya Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ngome ya Fort Jesus pale Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, nayo inasimama juu ya matumbawe. Jiwe hili lina vitundu vingi, hunyonya maji kama sifongo. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi mwaka mzima.

Mafundi wa zamani walilijua hilo. Walipiga lipu ya chokaa, ambayo huruhusu ukuta kupumua, maji yakaingia na kutoka. Siku hizi wengine huziba kuta hizo kwa simiti wakidhani wanaziimarisha. Simiti hufungia maji ndani. Ukuta unapendeza kwa nje, huku ndani jiwe linaoza na upande wa chumbani kuvu inaota. Ukiishi katika nyumba ya zamani ya mawe, muulize fundi anayejua chokaa kabla hujapiga simiti.

Kuvu na kifua cha mtoto

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu nyumba zenye unyevu. Lilieleza kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na kuvu wako katika hatari zaidi ya kupata kikohozi, maambukizi ya njia ya hewa, na kuzidiwa na pumu. Mtoto mdogo huumia zaidi kwa sababu mapafu yake bado yanakua, na hushinda ndani kwa muda mrefu.

Jambo hili si dogo. Huko Uingereza mwaka 2020 mtoto wa miaka 2 alifariki dunia. Uchunguzi rasmi, uliomalizika mwaka 2022, ulisema kilichomuua ni kuvuta hewa yenye kuvu kwa muda mrefu katika nyumba yao. Wazazi walikuwa wamelalamika kwa mwenye nyumba miaka kadhaa kabla. Waliambiwa wapake rangi juu yake. Mwaka 2023 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria inayowabana wenye nyumba za umma kushughulikia kuvu kwa wakati.

Rangi juu ya kuvu ni kama pambo juu ya kidonda. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni mahali maji yanapoingilia.

Ufanye nini nyumbani?

Kwanza, tafuta maji yanatoka wapi. Je, bati limetoboka? Mfereji unavuja? Maji ya mvua yanasimama chini ya ukuta? Rekebisha hapo kwanza. Ukiwa mpangaji, mweleze mwenye nyumba mapema, na shirikianeni wapangaji mseme kwa sauti moja.

Pili, acha nyumba ipumue. Fungua madirisha kila siku. Usizibe matundu ya hewa kwa matambara wakati wa baridi. Ukiogopa mbu, weka wavu wa dirishani na mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa. Pika mahali mvuke na moshi vinapotoka. Anika nepi na nguo nje ikiwezekana. Sogeza kitanda na kabati kidogo kutoka ukutani.

Tatu, usikaushe chumba kwa jiko la makaa huku umefunga milango. Hewa ya makaa haina harufu ya kukuonya, nayo inaua watu wakiwa usingizini.

Nne, ondoa kuvu. Watoto na mwenye pumu watoke nje. Funga pua na mdomo, vaa glavu, fungua madirisha. Sugua kwa maji ya sabuni, kisha kausha kabisa. Ukitumia Jik au dawa nyingine ya klorini, fuata maelezo ya chupa, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu. Godoro au mto uliolowa na kuota kuvu ndani, usimlaze mtoto tena.

Tano, tunza urithi wa nyumba yako. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, picha ya babu, Biblia au Msahafu wa zamani, vyote ni chakula cha kuvu. Usivifunge kwenye plastiki vikiwa na unyevu. Viweke juu, mbali na sakafu na ukuta wa nje. Vikilowa, vianike kivulini penye upepo. Kuvu ikishakauka, iondoe kwa brashi laini ukiwa nje, umefunga pua. Picha usiipanguse kwa kitambaa kibichi, rangi itatoka.

Wakati wa kukimbilia kituo cha afya

Usisubiri nyumba ikauke ukiona dalili hizi: mtoto anapumua haraka, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea haamki vizuri, au midomo inageuka rangi. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika pumzi 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 12 akifika 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40 au zaidi, anapumua haraka mno. Mpeleke upesi. Mtoto anayekohoa mara kwa mara, hasa usiku, au kifua chake kinatoa mlio kama filimbi, apimwe pumu. Na ukifika kliniki, mwambie mhudumu: nyumba yetu ina kuvu. Huenda hatauliza, lakini neno hilo laweza kumsaidia kujua chanzo.

Kumbuka

Mbegu za kuvu ziko kila mahali, unyevu ndio huziamsha. Dawa bila kuondoa chanzo hurudisha ugonjwa ukiwa sugu. Rangi haitibu ukuta, wala antibiotiki ya kubahatisha haimtibu mtoto.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika nyumba zetu, maji huingilia wapi hasa?
2. Ni mara ngapi tumempa mtoto antibiotiki bila kupimwa?
3. Tutamwendeaje mwenye nyumba ili arekebishe bati au mfereji?

Leo jioni, kabla hujamlaza mtoto, sogeza kitanda chake utazame ukuta.